Kwa baiskeli hadi Daraja la Jangwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali ya wale wanaotaka kujiunga na safari ya taratibu ya baiskeli inayoanzia Kivukoni, jijini Dar es Salaam, Jumapili asubuhi, na kwenda hadi bonde la Jangwani ambako daraja jipya linajengwa juu ya Mto Msimbazi. Kutoka hapo safari hupanda Magomeni, hufuata Barabara ya Kawawa hadi eneo la Morocco, Kinondoni, hushuka pwani ya Oysterbay, kisha hurejea mjini kwa Daraja la Tanzanite. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni jepesi. Mengine yamerefuka kwa sababu bonde hili lina mambo mengi kuliko linavyoonekana kwenye dirisha la basi.

Hii ni safari ya namna gani? Je, ni mazoezi au mashindano?

Si mashindano, na anayetafuta jasho la kweli atafute kundi jingine. Mwendo wetu ni wa mtu anayeweza kuzungumza na mwenzake bila kuhema, na mzunguko mzima ni wa kama kilomita 16, ambazo huchukua asubuhi nzima kwa sababu tunasimama mara kwa mara, na pale Jangwani tunasimama kwa muda mrefu kuliko tunavyoendesha. Hakuna kiingilio, hakuna sare, na hakuna kiongozi anayepiga filimbi. Kuna mtu anayetangulia na mtu anayefunga mstari, basi.

Kwa nini mwende kutazama daraja ambalo halijakamilika? Si afadhali kusubiri lizinduliwe?

Daraja lililokamilika huficha karibu kila kitu kilicholifanya lisimame. Siku ya uzinduzi utaona lami, taa na bendera, lakini nguzo zilizozama ardhini, nondo zilizofungwa moja moja na tope lililoondolewa ili zege lishike hutaviona tena maisha yako yote. Ujenzi ndio wakati pekee ambapo mpita njia anaweza kuelewa fedha ya umma imezikwa wapi hasa, na kwa maana ya neno lenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya daraja la bondeni iko chini ya ardhi.

Lipo na jambo la pili. Wakazi wa Dar es Salaam wamezoea kuiona miradi mikubwa kama kero ya foleni: barabara imefungwa, vumbi, mchepuko, honi. Mtu akisimama nusu saa akatazama mafundi wakifunga nondo, ile kero haiondoki, ila anaanza kuielewa.

Daraja lenyewe ni lipi, na linajengwa na nani?

Ni daraja la Barabara ya Morogoro katika eneo la Jangwani, kati ya kituo cha Fire na Magomeni Mapipa. Litakuwa na urefu wa mita 390, na linasimamiwa na Wakala ya Barabara Tanzania, yaani TANROADS. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa mwaka 2024 na kampuni ya CCECC kutoka China, kwa gharama ya shilingi bilioni 97 na ushei.

Daraja hili ni sehemu ya mpango mpana zaidi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, huku Hispania na Uholanzi zikichangia sehemu iliyosalia hadi jumla ikafikia takriban dola milioni 260. Mpango huo unahusu pia kupanua na kusafisha mkondo wa mto, kuihamisha karakana ya mabasi yaendayo haraka, kuwahamisha watu wanaoishi katika sehemu hatarishi, na kuligeuza eneo la chini la bonde kuwa bustani ya jiji ambayo inaweza kufurika bila kumdhuru mtu. Kwa hiyo anayeuliza kama mita 390 za zege zinaweza kumaliza mafuriko ya Dar es Salaam ameuliza swali zuri, na jibu ni kwamba zenyewe peke yake haziwezi.

Kwa nini Jangwani hufurika? Si mto mdogo tu ule?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililotufanya tuichore njia yetu jinsi ilivyo.

Wakati wa kiangazi Msimbazi ni mto ambao mtoto anaweza kuuvuka bila kulowa magoti. Lakini mto hupimwa kwa eneo linaloumwagia maji, wala si kwa jinsi unavyoonekana siku ya jua. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, hupita maeneo ya Kinyerezi, Vingunguti, Tabata na Kigogo, hupokea maji ya vijito vya Ubungo, Luhanga na Sinza, kisha humwaga vyote baharini kwenye mlango ulio karibu na Daraja la Salenda. Mvua inayonyesha Pugu, ambayo mtu wa Kariakoo hata haijui, hufika Jangwani baada ya saa kadhaa ikiwa imebeba mchanga, chupa za plastiki, matawi na kila kilichotupwa kando ya mto.

Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingenyonywa na ardhi. Katika sensa ya mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu takriban 270,000. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa ulihesabu watu zaidi ya milioni 5.3. Watu hao wote wamehitaji paa, ua wa saruji na barabara ya lami, na maji yanayodondoka juu ya bati na lami hayana pa kwenda isipokuwa mtoni, tena kwa haraka. Huko juu, vilima vilivyokatwa miti hulegeza udongo, na udongo huo hushuka hadi mahali ambapo bonde linakuwa tambarare. Mahali hapo ni Jangwani. Mto unapopoteza kasi huangusha mzigo wake wa mchanga, kina kinapungua, na mvua inayofuata hupata mfereji wenye kina kifupi kuliko ule wa mwaka uliopita.

Ongeza bahari. Kwa kuwa mlango wa mto uko karibu, maji ya mvua yakikutana na maji kujaa, mto hushindwa kutoka na hurudi nyuma. Ongeza na barabara yenyewe: Barabara ya Morogoro ilivukishwa bondeni juu ya tuta la udongo lenye uwazi mdogo wa kupitisha maji, na tuta la namna hiyo, mto ukijaa, hufanya kazi ya bwawa ambalo hakuna aliyelikusudia. Maji hujikusanya upande wa juu, kisha hupita juu ya lami. Hapo ndipo polisi huifunga barabara, na Magomeni na Kariakoo, ambazo mtu huweza kwenda kwa miguu kutoka moja hadi nyingine, hugeuka kuwa miji miwili.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na wengi waliopoteza makazi bondeni walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Hata hivyo miaka michache baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ilikuwa imekwisha kujengwa palepale Jangwani, katikati ya njia ya maji, na mto uliingia ndani yake na kuyaharibu mabasi. Tunalitaja hili kila tunaposimama pale, kwa sababu kwa maoni yetu hakuna mahali jijini panapoonyesha waziwazi zaidi gharama ya kujenga kwanza na kuuliza mto baadaye.

Njia ikoje, hatua kwa hatua?

Tunakutana Kivukoni, karibu na pantoni, jambo linalowafaa wanaotoka Kigamboni kwa kuwa wanaweza kuvuka na baiskeli zao. Tunaondoka saa 12:30 asubuhi, kabla jua halijapanda na kabla daladala hazijachangamka. Tunapita mbele ya bandari, tukiliacha Kanisa la Kilutheri la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu upande wa kulia, yote mawili majengo ya mwanzo wa karne ya ishirini, kisha tunakata kulia kuingia Barabara ya Morogoro.

Kutoka hapo ni mstari karibu ulionyooka: Kisutu, makutano ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ambayo kila mtu huiita DIT, halafu Fire. Baada ya Fire utahisi jambo ambalo abiria wa basi halihisi: baiskeli inaanza kwenda yenyewe. Acha kukanyaga pedeli. Huo mteremko mdogo ni ukingo wa bonde, na unapofika chini unakuwa umesimama kwenye sakafu ya mto, hata kama mto wenyewe uko mbali na miguu yako.

Tunasimama mara mbili. Kwanza juu, kabla ya kumaliza mteremko, ambapo bonde lote linaonekana, pamoja na majengo ya Muhimbili yaliyo kwenye kilima cha Upanga kwa mbali. Kisha ng'ambo, upande wa Magomeni Mapipa, baada ya kupanda. Ujenzi hubadilisha njia za muda mara kwa mara, hivyo katikati ya bonde kila mtu hushuka na kukokota baiskeli yake kwenye njia iliyoachwa kwa waenda kwa miguu, hata kama inaonekana wazi.

Magomeni tunakunywa chai. Anayependa anaweza kupitia nyumba aliyoishi Mwalimu Julius Nyerere wakati wa harakati za uhuru, ambayo sasa ni makumbusho. Kwa nje inatazamika asubuhi ileile, lakini kwa kuingia ndani inafaa siku nyingine ya kazi. Kutoka hapo tunafuata Barabara ya Kawawa kupita Kinondoni hadi Morocco, tunaingia mitaa yenye miti ya Oysterbay, na tunatokea Barabara ya Toure kando ya Coco Beach.

Sehemu ya mwisho ni Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lenye urefu wa kilomita 1.03 na lililojengwa na kampuni ya GS kutoka Korea Kusini kwa mkopo wa nchi hiyo. Hatupiti hapo kwa ajili ya mandhari tu, ingawa mandhari yapo. Kutoka juu ya daraja hilo, ukigeuka kuutazama upande wa nchi kavu, unaliona Daraja la Salenda, lililopewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kazi za umma wa enzi ya utawala wa Uingereza, na nyuma yake mikoko. Pale ndipo Msimbazi unapoishia. Maji uliyoyaona asubuhi yakisuasua kati ya nguzo za Jangwani ndiyo haya yanayoingia baharini chini yako, na safari inapata maana yake yote kwa kuuona mto katika sehemu hizo mbili ndani ya asubuhi moja.

Kwa nini baiskeli? Mwendokasi unafika palepale.

Unafika, na kwa haraka zaidi. Lakini dirishani bonde huisha kabla hujamaliza sentensi, na mara nyingi basi limejaa hivi kwamba unachokiona ni kwapa la jirani. Kwa miguu nako ni mbali kwa wengi kama unataka kuunganisha Jangwani na mlango wa mto. Baiskeli iko katikati: inakupa mwinuko na mteremko kwa miguu yako mwenyewe, na inakuruhusu kusimama popote bila kutafuta maegesho.

Je, kuna njia za baiskeli? Tunaruhusiwa kupita katika njia ya mwendokasi?

Njia ya mabasi ya mwendokasi si ya baiskeli, na hata ikiwa tupu saa 12 asubuhi tunaomba mtu asiingie humo. Mabasi hayo ni makubwa, yanakwenda kasi, na dereva wake hana sababu ya kutarajia baiskeli mbele yake.

Awamu ya kwanza ya mradi huo, ya kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi mjini pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kutoa huduma mwaka 2016, na iliwekewa njia za pembeni za waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Ilikuwa moja ya sababu za Dar es Salaam kupewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza barani Afrika kuipata. Kwenye karatasi, kwa hiyo, unaweza kwenda kutoka Kisutu hadi Morocco bila kuchanganyika na magari. Barabarani utakuta pikipiki zimeegeshwa, meza za nguo za mitumba, mashimo yaliyopoteza mifuniko, na bodaboda anayekuja upande usio wake akikuangalia kana kwamba wewe ndiye uliyekosea. Jumapili mapema hali huwa nafuu sana. Piga kengele, punguza mwendo, na mpishe mwenda kwa miguu, kwa maana njia hiyo ni yake kabla ya kuwa yako.

Tunaweza kuingia ndani ya eneo la ujenzi?

Hapana. Eneo la ujenzi ni mahali pa kazi, na mtu asiye na kofia ngumu, viatu vya chuma na ruhusa ya maandishi hana shughuli humo. Uzio ukiwa umeachwa wazi si mwaliko. Kundi linalotaka kuingia, kwa mfano wanafunzi wa uhandisi, linapaswa kuandika barua kwa mamlaka inayosimamia mradi mapema, na lisifike pale Jumapili kubembeleza.

Kuna adabu ndogo inayosaidia. Mlinzi akikutazama, msalimie: shikamoo kama ni mtu mzima, poleni na kazi kama ni vijana. Mweleze kwamba mnatazama tu na mtaondoka. Akisema sogeeni, sogeeni bila mjadala. Hana mamlaka ya kubadilisha sheria, na nyinyi hamna sababu ya kumtia matatani.

Nikisimama pale, nitazame nini? Mimi si mhandisi.

Anza na ardhi. Udongo wa bonde ni mchanga na tope vilivyoletwa na mto, na huwezi kuuweka mzigo wa daraja juu yake. Kwa hiyo, katika madaraja ya aina hii, kazi ya kwanza huwa ni kuchimba mashimo marefu ya duara hadi kwenye tabaka gumu, kushusha ndani yake kikapu cha nondo kilichofungwa kama mtego wa samaki, na kumwaga zege kutoka chini kuja juu ili lisukume maji na tope nje. Mtambo mrefu wenye bomba linalozunguka ndio unaofanya kazi hiyo. Ukiona rundo la vikapu vya nondo vimelazwa chini, jua kwamba nguzo bado zinashushwa. Ukiona havipo tena, msingi wa sehemu hiyo umekwisha.

Kinachofuata ni kofia, yaani bamba nene la zege linalofunga vichwa vya nguzo kadhaa za chini pamoja ili zibebe mzigo kwa umoja. Juu ya kofia husimama nguzo zinazoonekana. Hapa watu wengi huanza kusema kwamba kazi imeanza, wakati mkandarasi tayari ametumia muda mrefu na fedha nyingi mahali ambapo jicho halifiki. Tunaposikia mtu akilalamika kwamba miezi imepita na hakuna kitu, tunamwonyesha hizo kofia.

Juu ya nguzo huja mihimili, kisha sakafu ya daraja. Mhimili wa zege wa masafa marefu kwa kawaida huwa na nyaya za chuma ndani yake ambazo huvutwa kwa nguvu kubwa na kufungwa zikiwa zimekaza, ili zege libaki limebanwa hata lori likiwa juu. Zege hustahimili kubanwa vizuri sana, na kuvutwa vibaya sana. Tazama pia ncha za nguzo, mahali mhimili unapokaa. Pale huwekwa vipande vya mpira mgumu vinavyoliruhusu daraja kutanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku bila kupasuka.

Jambo dogo ambalo wageni wetu hulipenda ni vile vipande vya zege vya umbo la mchemraba vinavyopangwa karibu na ofisi za eneo la kazi. Kila zege linapomwagwa, sampuli huchukuliwa na kuhifadhiwa majini, kisha huvunjwa kwa mashine, kwa kawaida baada ya siku 7 na tena baada ya siku 28, ili kujua kama nguvu iliyoandikwa kwenye michoro imepatikana. Baada ya jengo la ghorofa kuporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu, umbali mfupi tu kutoka hapo, hakuna haja ya kumweleza mtu wa Dar es Salaam kwa nini vipande hivyo vina maana.

Mwisho, pima kwa macho tofauti ya kimo kati ya barabara ya zamani na sakafu mpya. Nafasi hiyo ya hewa ndiyo inayonunuliwa. Daraja hili linajengwa ili barabara iache kuwa tuta, na maji yapate pa kupita chini yake.

Je, watu waliokuwa wakiishi bondeni wako wapi?

Wengi wameondoka, na bonde unaloliona likiwa na nafasi leo lilikuwa na nyumba, misikiti midogo, magenge na viwanja vya mpira. Mpango wa Msimbazi uliandaliwa kwa mikutano iliyowakutanisha wakazi, wataalamu na maofisa wa serikali, na fidia imelipwa; hata hivyo viwango vya fidia vimelalamikiwa hadharani, hasa na wale ambao ardhi yao ilihesabiwa kuwa hatarishi na kwa hiyo haikuthaminiwa kama ardhi ya kawaida. Mtu anaweza kuamini, kama tunavyoamini sisi, kwamba hakuna anayepaswa kulala mahali ambapo mto humfuata kitandani, na wakati huohuo akaona kwamba kumhamisha mama lishe mbali na wateja wake wa Kariakoo ni kumwondolea kipato ambacho hesabu ya matofali haiwezi kukirudisha.

Kwa sababu hiyo hatupigi picha mabaki ya nyumba, na hatuzungumzi kwa sauti kubwa kuhusu mabondeni tunapopita kati ya watu ambao huenda jana walikuwa wakazi wake.

Picha zinaruhusiwa?

Picha ya bonde na ya daraja kutoka barabara ya umma haijawahi kutuletea shida, lakini usimpige mfanyakazi bila kumuomba. Baada ya Daraja la Tanzanite, tunaporudi kwa Barabara ya Barack Obama tukielekea Ikulu, weka simu mfukoni kabisa.

Nahitaji baiskeli ya aina gani, na vifaa gani?

Yoyote yenye breki mbili zinazoshika. Phoenix ya babu yenye karia nyuma inatosha, na kwa kweli inapendeza kuliko baiskeli za mbio zenye tairi nyembamba, ambazo hukwama kwenye mifuniko ya mitaro. Baiskeli ya mtumba yenye gia chache itakusaidia kupanda Magomeni, ingawa mwinuko wenyewe ni mfupi na anayeshindwa hukokota bila kuchekwa.

Beba maji, kofia ya kichwani ya kujikinga, tyubu ya akiba na pampu. Mafundi wa baiskeli wapo karibu kila kona ya Magomeni na Kinondoni na huziba pancha kwa bei ndogo, ila Jumapili alfajiri wengi wao bado wamelala.

Ni majira gani ya mwaka yanafaa?

Juni hadi Septemba, wakati wa kipupwe, asubuhi zina ubaridi na bonde ni kavu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, tunaangalia anga la Pugu kuliko la mjini. Mvua kubwa ikinyesha huko usiku tunaahirisha hata kama Kivukoni jua linawaka. Watu hutushangaa kwa hilo hadi wanaposoma jibu la nne kwenye ukurasa huu. Kipindi cha mvua ndicho kinachoonyesha vizuri kwa nini daraja linahitajika, lakini hilo litazame kwenye taarifa ya habari.

Tutakula wapi?

Magomeni kuna supu, chapati, vitumbua na chai ya rangi kwenye vibanda vya pembeni. Coco Beach kuna mihogo ya kukaanga yenye chachandu, na madafu. Kama daktari amekukataza chumvi, mwambie muuzaji kabla hajanyunyiza.

Je, watoto wanaweza kuja?

Watoto wanaoendesha wenyewe tunawapokea kuanzia umri ambao wanaweza kushika breki kwa hofu bila kuanguka, wakiwa na mzazi nyuma yao, wala asitangulie mbele. Mtoto mdogo abebwe kwenye kiti kilichofungwa vizuri. Kumpakia kwenye bomba la mbele, kama tulivyopakiwa wengi wetu, haturuhusu. Watoto, kwa uzoefu wetu, ndio wanaochelewesha msafara Jangwani, maana mbele ya kijiko kinachochimba hakuna mtoto anayekubali kuondoka.

Itakuwaje tukifika tukakuta njia ya Jangwani imefungwa kabisa?

Tunageuka pale Fire na kufuata Barabara ya Umoja wa Mataifa, inayopita Upanga na kutokea karibu na Daraja la Salenda. Njia hiyo inaambaa na ukingo wa bonde upande wa kusini, kwa hiyo ujenzi huonekana kwa mbali mwanzoni, na mlango wa mto huonekana vizuri mwishoni. Kinachokosekana ni Magomeni na chai yake. Wanaotaka kufidia huongozana nasi hadi Stesheni kutazama kituo cha treni ya SGR, yaani reli mpya ya kisasa, chenye umbo la jiwe la tanzanite, ambacho kimekuwa kikipokea abiria tangu safari za Morogoro na Dodoma zilipoanza mwaka 2024. Taarifa ya kubadilisha njia tunaitoa Kivukoni kabla ya kuondoka, kwa hiyo fika walau robo saa mapema.